Nyuzi za Ndani

Saa nne usiku, zahanati ya Mbokomu, umeme umekatika.
Aikande ananishikia tochi ya simu.
Mzee Ndetaramo ameketi, mkono juu ya beseni,
ananiambia mundu umeteleza akikata majani ya ng'ombe.

Haya. Simshoni mtu kabla sijauhoji mkono wake.
Kunja kidole. Kunjua. Na hiki.
Hapa ninapogusa kwa pamba, unasikia?
Nasikia.
Nabana ukucha, unakuwa mweupe; nauachia,
damu inarudi kabla sijahesabu mbili.
Mshipa mzima. Kano nzima, naiona,
nyeupe kama moyo wa mgomba.

Naosha. Chupa nzima ya maji ya chumvi, na nusu ya pili.
Kipande cha jani, udongo mwekundu, uzi wa sweta.
Wanafunzi hukimbilia sindano.
Sista Apaisaria alikuwa akitugombeza:
ukifunga uchafu, umeujengea nyumba.

Ndipo ninapoona. Kidonda kiko nyuma ya kigasha,
kimepita mshazari,
pale mtu anapotanguliza mkono akikinga uso.
Mundu ulioteleza haufiki huku.

"PF3 unayo?"
"Ya nini, dokta? Nimeshakuambia, mundu."
Anatazama mlango.

Nje, kwenye benchi, mdogo wake Kundaeli
yuko kifua wazi kwenye baridi hii: shati lake
ndilo lililofunga mkono, ndilo lililolowa.
Ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani.
Na kijiji kizima kinajua habari ya yale masale
yaliyong'olewa mpakani mwa kihamba,
yakaota tena hatua tatu upande wa pili.

Ganzi. Nangoja. Nashona.
Msiniite fundi cherehani;
kitambaa hakisemi "polepole, mwanangu."
Mbili ndani, sita nje. Kingo zikutane, zisibanane:
ukivuta sana, nyama hufa kwa kukumbatiwa.
Sindano ya pepopunda. Bandeji.

Siku ya kumi walikuja wote wawili.
Kundaeli alibaki mlangoni, jani la isale mkononi,
hajui pa kuliweka.
Nilikata nyuzi sita, nikazihesabu kwenye kisahani.
"Na zile mbili?" akauliza mzee.
"Zile haziondolewi. Zinayeyuka zenyewe, taratibu,
wala hutajua ni siku gani."

Alikunja vidole, akavikunjua.
"Ingia basi," akamwambia mdogo wake,
"unamzuilia dokta mwanga."