Ngozi ya Maji

Szeged, saa mbili asubuhi, theluji dirishani,
nashusha pete ya platini hadi iguse maji,
kisha naivuta juu polepole,
kama anayebandua plasta kwenye goti la mtoto.
Maji hayataki kuachia. Yanaifuata pete,
yananyanyuka, yanakuwa pazia jembamba,
na mashine inaandika yameng'ang'ania kwa nguvu gani.

Maji matupu: sabini na mbili.

Tia sabuni, namba inashuka.
Sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao,
basi hupanda ikajipanga pale juu,
kichwa ndani, mkia hewani,
kama bata wa mto Tisza wakitafuta riziki matopeni.

Sasa tia polima.
Mnyororo mrefu huo, chaji chanya kila pingili,
haukuwa na shida na uso wa maji;
ungeachwa, ungejikalia kilindini, umejinyoosha.
Lakini sabuni ni hasi, na hasi haiachi kuitafuta chanya.
Wakashikana, wakapanda pamoja,
wakatandika juu ya maji ngozi nisiyoweza kuiona
ila kwa namba: thelathini na nane.

Niliandika hivyo Jumatatu.
Alhamisi nikapima chupa ileile. Sitini na sita.

"Hujaosha vyombo," akasema Daktari Bodrogi
bila kuinua macho kwenye karatasi zake.
Nikaosha. Kwa asidi, kwa maji yaliyochujwa mara tatu;
pete nikaichoma motoni mpaka ikageuka rangi ya chungwa.
Nikachanganya upya. Thelathini na nane.
Nikalala siku tatu na wasiwasi. Sitini na sita.

Etelka, fundi wa maabara, miaka thelathini na mmoja humu
na jina lake halimo kwenye makala hata moja,
aliichukua chupa, akaielekeza dirishani.
"Usitazame juu tu, binti. Tazama chini."
Vumbi jeupe. Kidogo mno, mfano wa unga
unaobaki kiganjani baada ya kukanda.

Walikuwa wamepatana kupita kiasi.
Kila chanya imepata hasi yake, hakuna deni,
hakuna tena wa kumsukuma mwenzake akae mbali;
wakajikunyata, wakawa madonge, wakazama,
na maji yakabaki uchi,
au karibu na uchi.

Usiku nikampigia mama, Miskolc, saluni yake imefungwa.
Nilitaka kulalamika. Yeye akanisimulia Bi Rozália,
nywele zake za mvi zilizokuwa kama katani,
alivyomwosha, akamsuuza, na katikati ya kusuuza
vidole vikahisi: sasa zinateleza.
"Povu likiondoka ndipo ulaini unapokuja, sijui kwa nini."
Mimi najua. Kwenye shampuu sabuni ni nyingi,
polima imevikwa, imetulia;
maji ya bomba yanapoipunguza sabuni
wanafika palepale pa chupa yangu,
wanajitenga na maji, wanaanguka,
na wanapoangukia ni kichwani mwa Bi Rozália.
Sikumwambia. Nilimwacha aendelee.

"Andika na saa," Etelka alinishauri asubuhi yake.
"Namba isiyo na saa ni uvumi."
Nikaandika: saa ya kwanza, saa ya sita, siku ya tatu.
Halafu, kwa ukorofi tu, nikaitikisa chupa.
Madonge yakapanda. Machache yakagusa hewa,
yakafunguka, yakatandaa,
namba ikaanza kushuka tena:
hamsini na tisa, hamsini na nne.
Bodrogi amesimama nyuma yangu, koti limelowa theluji,
haongei.
Kalamu iko mkononi. Bado sijui niandike ipi.