Zamu ya Usiku, Jyväskylä

Saa tisa usiku. Theluji imezifunika baiskeli zetu
hadi kwenye usukani.
Huku chini, nyuma ya zege nene,
Reijo anakibana kichakataji kipya kwenye fremu
taratibu, kama anayemfunga mtoto mkanda.
Kila saa ya mionzi ina bei yake,
kwa hiyo hatuongei sana.

Kipya ni chembamba, chepesi,
kimemaliza hesabu
cha zamani kikiwa bado kinakohoa.
Nilipomwambia Eetu, mpwa wangu,
tunachokipeleka Mshtarii,
alicheka hadi maziwa yakamtoka puani:
"Shangazi, hata simu yangu hii yenye ufa!"

Kweli, Eetu. Ila simu yako inalala
chini ya blanketi zito la hewa,
na ikigoma, una kidole.

"Fungua," nasema.
Zenoni inaingia, chembe ambayo mbele yake
punje ya vumbi ni mlima,
inapita katika silikoni iliyofinywa mno,
mahali sifuri inaposhikiliwa na elektroni chache tu,
kama mlango ulioegemezwa ufagio.
Ufagio unaanguka.
Sifuri imekuwa moja.

Hakuna moshi. Hakuna harufu.
Tangi lililokuwa na digrii nne
sasa, kwa mujibu wa skrini, lina elfu nne na mia moja,
na chombo, ambacho huamini kila kinachoambiwa,
kingeshafungua vali.

Tunakitoa. Tunamweka mzee.
Ramani yake ilichorwa mwaka niliong'oka meno ya mbele.
Vijia vyake ni vipana, kuta zake nene,
na kila jibu hulitunza mara tatu:
moja likipotoka, mawili hulikana.

Si kweli kwamba mwenda pole hajikwai.
Nimemhesabu hadi alfajiri: mara kumi na saba.
Kumi na saba amejikwaa,
kumi na saba amejiinua, akaendelea na sentensi
pale pale alipoiachia.
Reijo anaandika kwa penseli, 17,
anatia mstari chini, anapiga miayo.

Nje, tunafukua baiskeli kwa mikono.
Simu yangu inajizima mfukoni,
inawaka tena, bila sababu.
Naisamehe.
Nyumbani ni dakika kumi tu.