Taa Ndani ya Piano

Kazi yake ya kwanza haikuwa kupiga.
Ilikuwa kuweka taa.
Kila jioni, klabu ya mashamba ya chai, juu ya Tukuyu,
mvua ikiwa juu ya bati tangu adhuhuri,
Ambilikile, miaka kumi na mmoja, kaptula ya kaki,
alibandua ubao wa kifua cha piano
akaingiza chemli yenye utambi mfupi
ili unyevu usile nyuzi.
Ujira: shilingi sita, na sabuni nusu mche.

Huko ndani, alituambia, ndiko alikoona:
nyundo themanini na nane zimevalishwa sufu,
zimejipanga kwa adabu kama kwaya inayosubiri mchungaji.
Akasukuma moja kwa kidole. Ikasema.
Akatazama mlangoni.
Akasukuma ya pili.

Fundi mitambo wa kiwanda, mzee anywaye peke yake,
alikuwa na santuri tatu na hasira nyingi.
Santuri ndizo zilizomfundisha:
mkono wa kushoto ruka, rudi, ruka, rudi,
kama mama atwangaye na mtoto mgongoni;
wa kulia uchelewe makusudi,
uje mbio, mwanafunzi aliyesikia kengele
angali mtoni.
Regitaimu, fundi akasema.
Bibi aliposikia akauliza:
huyu anayechechemea kaumia wapi?

Klabu ilipofungwa, piano iliuzwa
kwa bei ya baiskeli mbili.
Ikapanda lori la viazi.
Kati ya Kiwira na Uyole meno saba yakanyamaza,
hakuna ajuaye kwenye shimo lipi.

Mbeya, basi. Baa moja ya Mwanjelwa, miaka kumi na tisa.
Wakulima wa mpunga walipanda kutoka Usangu
na fedha za mavuno zimefungwa kwenye soksi,
wakataka kantri,
nyimbo za farasi, za treni iliyoondoka,
za mke aliyeondoka nayo.
Farasi hatukuwa nao.
Treni tulikuwa nayo, Jumanne na Ijumaa, ikipenda.
Na mke aliyeondoka, kila meza ilikuwa na wake.
Baba aliwapigia hadi wakalia kwenye bia,
akiyazunguka yale meno saba
kama dereva anayeijua barabara.

Redio walimrekodi mara moja. Dakika nne.
Mkanda, tuliambiwa, ulitumika tena
kwa bei za mahindi.

Mama hakuipenda piano.
Inakunywa mafuta ya taa kuliko ukoo mzima, alisema.
Lakini baba akiwa safarini, usiku wa Juni,
baridi ikigonga madirisha,
nilimwona akiamka na kibiriti.

Kisha akaja fundi wa piano, kwa basi, kutoka Moshi.
Siku mbili alilala chini yake
kama anayetengeneza gari.
Meno saba yakafufuka.
Tukaketi. Chai ikaletwa. Baba akapiga,
na vidole vikaruka yale yale saba,
mtu gizani nyumbani kwake
aikwepaye ngazi iliyooza
ingawa ilishabadilishwa.
Mzee, fundi akasema, haya mazima sasa.
Najua, baba akasema.
Wimbo ndio haujui.

Tulimzika Machi, udongo ukiwa uji,
jeneza likitaka kuelea.
Hakuna aliyepiga kitu. Piano haibebeki hadi makaburini,
na kwaya ilikuwa na msiba mwingine Isongole.

Nyumba ina umeme siku hizi.
Nimeweka balbu ya wati kumi na tano mle kifuani,
inawaka tangu saa kumi na mbili.
Mwanangu anajifunza udereva.
Mimi najua nyimbo mbili, zote kwa mkono mmoja.
Usiku mwanga hupenya kwenye nyufa za mbao,
na mgeni akilala sebuleni
lazima aniite, aniulize
nimesahau kuzima nini.