Kibiriti Kakojoa

Usiku wa Jumanne nilimkuta kwenye sanduku la mchanga,
kachuchumaa, mkia umesimama,
anajikamua kama chicha iliyokwisha tui.
Hakuna tone.
Akatoka, akarudi, akachuchumaa tena,
akanitazama
kana kwamba mchanga ule nimeutia kufuli mimi.

Kibiriti, paka wangu wa rangi ya moto,
mlinzi wa magunia kumi na mawili ya unga,
panya wa Wete nzima wanamjua kwa nyayo.

Asubuhi watu walikuja kuchukua boflo,
wakachukua boflo, wakaniachia ushauri:
mchemshie mwarobaini,
mpake habasoda tumboni,
muache, huyo roho yake ngumu.
Mzee Shaame akacheka hadi akakohoa:
"Wanetu dawa hawana, wewe watafuta ya paka?"
Ana haki yake kusema.
Mimi nina paka wangu.

Dukani, Hidaya akanikatia nusu ya kidonge cha homa,
kile cha watu, akakifunga kwa kipande cha gazeti.
Nilikaa nacho kiganjani mbele ya Kibiriti,
yeye ananitazama, mimi namtazama,
hadi kikalainika kwa jasho.
Sikumpa.
Labda uvivu. Labda Mungu.

Adhuhuri akaja bwana mifugo na buti za zizini.
Akafungua mkoba, akatoa sindano,
akaitazama sindano, akamtazama paka,
akafunga mkoba.
"Fundi Faki, hii ya ng'ombe.
Naweza kukudanganya kwa elfu tano,
lakini mnyama huyu simjui."
Kisha akasema neno nililolingoja tangu usiku:
"Namjua anayemjua."

Daktari Zumra alitoka Chake kwa vespa, mvua tele mgongoni.
Aliuliza jina.
"Langu?"
"La mgonjwa."
Akanawa hadi viwiko, kama mimi kabla ya kukanda.
Tangu lini? Anakula nini? Maji anakunywa wapi?
Papa mkavu, nikasema. Dagaa.
Kwenye maji nikanyamaza.
Akabonyeza tumbo kwa vidole viwili. "Njoo, shika."
Nikashika: kibofu kigumu kama limau bichi.
"Kesho ungechimba shimo," akasema.
Nikamwonesha kile kidonge.
"Na hicho, ungelichimba leo."

Tulimlaza juu ya meza ya kukandia, kitambaa safi chini yake,
akadungwa usingizi, ulimi umetoka kidogo pembeni.
Mrija ulikuwa mwembamba kama ujiti wa chelewa.
Mimi nilishika taa ya simu, na mkono ukatetemeka,
mkono huu huu uingiao tanurini kila alfajiri.
"Tulia, taa," akasema. Si kwa ukali.

Kwanza chembechembe, kama chumvi ya mawe.
Kisha damu kidogo.
Kisha tii, tii, tii, ndani ya kopo la maziwa.
Nimeisikia mvua ya kwanza juu ya bati baada ya kiangazi.
Nimemsikia mwanangu akilia mara ya kwanza nyuma ya pazia.
Mwanangu aniwie radhi.

Elfu arubaini na tano, na risiti ya mwandiko unaosomeka.
"Inaweza kurudi," akasema, anavaa kofia ya vespa.
"Maji, tena maji. Papa wa chumvi mle wenyewe.
Siku akichuchumaa bure, usingoje kukuche."

Siku ya tatu sanduku lilirowa, harufu ikafika barazani.
Mzee Shaame akaziba pua. "Nini tena hiki?"
"Kibiriti kakojoa," nikamwambia,
kama anayetangaza mwezi umeandama.

Ukuta wangu kando ya tanuri umejaa madeni ya mkaa,
mstari juu ya mstari, hakuna pa kuweka kidole.
Nikatafuta nafasi.
Nikafuta kwa kiganja boflo kumi na nne za Mzee Shaame,
nikaandika pale namba ya Zumra,
tarakimu kubwa, za kusomeka gizani.