Maksi za Chitanda

Mara ya kwanza tulikwenda kwa fedha ya korosho,
mnada wa pili, bei ya kupumua.
Somoe alipiga pasi kitenge mara mbili,
akavaa viatu vinavyomuuma kisigino
kwa sababu, alisema, Italia haiendewi na kandambili.

Hoteli iko Shangani. Ukutani wamechora mnara ulioinama,
na mchoraji, Mungu amsamehe,
ameuinamisha mpaka unataka kuuangukia mlango wa choo.
Mwenyewe, Mtaliano, aliondoka na watu wa gesi.
Ameacha kofia msumarini,
mashine ya kahawa iliyofunikwa taulo
na menyu ya kurasa tisa.

Ukurasa wa kwanza: imekwisha.
Wa pili: hiyo mpaka uagize asubuhi.
Wa tatu, Somoe aliweka kidole juu ya pweza.
"Pweza hatuna, mama. Gari la Dar halijaingia."
Gari la Dar!
Nami mchana uleule nilipishana na pweza pale Feri,
kaning'inia mkononi mwa mtoto,
mikia yake yote minane inaburuza vumbi
kama anayekataa kupelekwa shule.

Tukala tambi.
Kwetu tambi ni za nazi, sukari na iliki,
za kufuturia, za mgeni aliyetoka mbali.
Hizi zilikuwa na chumvi, tena zinabishana.
Mhudumu akasema ndivyo zinavyoliwa kwao,
lazima jino lihisi.
Jino langu lilihisi. Lile la mbele, la kubandika:
lilihisi, likatoka.

Mara ya pili (msinicheke,
Somoe alisema siku ya kwanza kila mtu hukosea)
zilikuja zimeiva hadi zimesahau kuwa ni tambi,
juu yake sosi ya chupani,
ileile ya chipsi za stendi.
Pizza ilikuwa chapati iliyopata ajali:
jibini limekimbilia pembeni,
katikati duara moja la kitunguu
linatukodolea.
Elfu kumi na nane.
Nikagawanya kichwani kwa kilo za korosho ghafi,
nikaacha kugawanya.

Mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuisema.
Umeme ulikatika, katika mji wa gesi,
na mpishi akatoka jikoni na tochi ya simu.
"Shikamoo, Mwalimu."
Chitanda. Kidato cha pili B, dawati la dirishani.
Siku moja nilitundika ramani ya Ulaya
nikamwambia anioneshe Italia, nchi iliyo kama buti.
Akaweka kidole baharini.
Nilimpa thelathini na moja,
na kwa kalamu nyekundu, pembeni:
*Hufiki popote.*

"Nilimtazama mzee miezi miwili tu," alisema,
"kisha akaondoka. Mengine nakisia."
Akakung'uta aproni isiyo na unga.
"Imekuwaje, Mwalimu?"

Sahanini kulikuwa na kamba watatu wa barafu,
wamejikunja kama wanaoumwa tumbo.
Chini ya meza Somoe alinikanyaga
kwa kisigino kilekile.
"Nzuri," nikasema.
"Nzuri ya ngapi?"

Miaka thelathini nimesahihisha,
sikuwahi kumpa mtu maksi gizani.
"Sabini."
Tochi ikatikisika ukutani, ule mnara ukayumba.

Nje tulinunua ming'oko ya moto,
tukala tumesimama, chumvi vidoleni,
Somoe viatu vyake kavishika mkononi.
Hakusema neno mpaka tulipopita duka la mbolea.
"Sabini, Mwalimu?"

"Thelathini na moja zake," nikamwambia.
"Zilizobaki nilikuwa nadaiwa."

Akachagua mng'oko mnene,
akanimenyea.