Kipande cha Muuzaji

Usiniulize kilo ni bei gani
kabla hujaniambia unampikia nani.
Hapa Birere meza yangu imesimama juu ya jiwe la volkano,
jiwe lile lile lililomeza bucha ya baba,
na kisu hiki ndicho pekee alichotoka nacho.
"Nyama," alisema, "ina tabia ya kazi iliyofanya."

Basi sikia.
Sarara haikufanya kazi yoyote.
Ililala chini ya uti wa mgongo kama mtoto wa tajiri,
ndiyo maana laini, ndiyo maana wenye magari meupe
wanaibeba, wanaichoma dakika tatu, wamemaliza.
Sina ugomvi nayo. Inalipa karo.

Kidari kilibeba kifua kupanda Masisi yote.
Kipe makala, kitunguu, na subira
ya mtu anayengoja umeme urudi.

Mwalimu Ndoole hununua mkia mwezi ukilipwa,
pafu mwezi usipolipwa.
Pafu analiita "nyama nyepesi"
nami nampimia bila kucheka.

Baba Cirhuza wa Bukavu anataka bandama tu.
Mkewe ndiye aliyeipenda;
mwaka wa nne huu yuko udongoni.
Bandama moja, kila Alhamisi, ndani ya jani la mgomba.
Sijawahi kumuuliza kama anaila.

Kuna na jamaa wa bondeni, huja kuomba nundu.
Ndugu yangu, ng'ombe wa milima hii nundu ataitoa wapi?
Mgongo wake umenyooka kama meza ya padri.

Halafu barabara ikafungwa.
Wiki tatu, hata kwato moja haikuteremka.
Nikauza kondoo, na wengi hapa kondoo hawamli:
huyu ni mwiko wa bibi yake,
yule anasema mafuta yanamganda kooni.
Nikauza sungura wa Kasoki,
anayewachuna na kuwaachia manyoya ya miguu
ili mteja aone kwamba si paka.
Nikauza simbilisi, wale tunaowaita dende,
mifupa kama sindano za kushonea,
lakini mchuzi wake, ee Mungu,
mgonjwa anaketi kitandani na kuuliza habari za jirani.
Nikauza bata mzinga mmoja wa masista.
Mgumu kama kiatu cha polisi.
Tusimtaje tena.

Siku ya ishirini na mbili akafika ng'ombe,
mmoja, mwekundu, mbavu zinahesabika.
Byamungu alimleta vipande vipande kwa chukudu
kutoka machinjioni, jasho hadi kwenye kandambili.
Nikamhesabia franka zake. Akazirudisha mezani.
"Nipe nyama," akasema. "Lakini si ya wateja.
Nipe ile unayokula wewe."

Miaka kumi na minane nauza, hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Nikampa shavu.
Shavu halina bei ubaoni. Hutoka pamoja na kichwa,
na watu wanaogopa lile jicho.
Lakini fikiri: msuli uliotafuna tangu alfajiri,
ukacheua usiku, ukatafuna tena,
kilima kizima kimesagwa humo ndani,
mvua yake, ubaridi wake, hata ukungu.
Lazima uwe mgumu. Ungekuwaje?
"Weka chumvi tu," nikamwambia, "na tangawizi.
Funika sufuria, weka jiwe juu, ulale.
Asubuhi utaacha kisu, utachukua kijiko."

Alirudi kesho yake. Hakusema asante.
Aliegemeza chukudu, akatazama meza muda mrefu.
"Mama, ng'ombe ana mashavu mangapi?"
"Mawili."
"Na lile la pili?"

Nikaendelea kufuta kisu.