Damu ya Kijani

Shangazi Ghaniya alizama na sufuria ya presha,
ile ile ya maharage.
Ubavuni kaitoboa, kaitia kioo kwa gundi ya mabomba,
akaifunga kwa mpira wa gurudumu la Lendrova,
na ndani, imeviringishwa khanga kama mtoto wa arubaini,
kamera iliyokula bangili zake mbili.

Mwaka wa sabini na tisa, Mirbat.
Mtaa mzima Kiarabu na Kijibali;
sisi mashuani tukigombana kwa Kipemba.
Nina miaka kumi na mmoja, kazi yangu kamba.
Mvuto mmoja: salama.
Miwili: legeza.
Mitatu: nitoe, maswali baadaye.

Ukungu wa kharifu ukishaachia vilima,
chini msitu ulikuwa bado umesimama,
mwani wa kimo cha mtu, ukiinama pamoja
kama safu iliyosikia takbiri.
Wazamiaji wa kombe wakamwuliza, "Leo umepata ngapi?"
"Dakika mbili na nusu."
Walicheka hadi wakapaliwa na chai.

Siku ile ya kidole, kamba haikuvutwa.
Kombe lilimchana, pima kumi chini, na damu
ikatoka kijani, kijani cha mchicha,
kwani nyekundu haifiki huko; maji huimaliza njiani.
Mwingine angepanda. Yeye aligeuza kamera
akakipiga picha kidole chake mpaka mkanda ukaisha.

Tulionyesha kwenye ukuta wa kiwanda cha barafu.
Watoto walipiga mayowe kuiona damu ile.
Ila Bakhit bin Musallam, miaka arubaini ya kuzamia
macho wazi katika chumvi, bila miwani,
aliinuka, akauendea ukuta, akaupapasa.
"Jiwe hili," alisema. "Jiwe hili nalijua kwa vidole."
Kivuli chake kikafunika samaki wote.
"Keti, mzee!"
"Mwacheni," shangazi akasema,
na mashine ikaendelea kuguruma.

Maboksi sasa ninayo mimi. Yananuka siki.
Miaka imeila buluu, imekimaliza kijani;
bahari yote ya Mirbat imebaki nyekundu,
mwani mwekundu, jiwe la Bakhit jekundu,
na kidole chake, nikiisimamisha picha,
hakijulikani kimekatwa wapi.

Naushika mkanda baina ya vidole viwili.
Nauvuta mara moja.